Kupanda mawe na gari ya bei mbaya sio wendawazimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nijibu haya maneno yanayozunguka mjini, kwamba mtu anayenunua gari ya zaidi ya milioni 100 halafu anaenda kuipandisha kwenye mawe ana hela za kuchezea na akili hana. Mimi ni fundi wa difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia, na gia boksi huku Tegeta, magari ya namna hiyo yanapita mkononi kwangu, kwahiyo mtasema natetea ugali wangu, sawa natetea, ila nisikilizeni kwanza.

Watu wakisikia mchezo wa magari wanawaza spidi, vumbi, rali. Huu hauna spidi kabisa na utamu wote uko hapo hapo. Chukua Jeep Wrangler Rubicon ya gia za mkono, ukiiweka kwenye 4L, ile gia nzito ya kuvuta kwa matairi yote manne, na gia namba moja, injini inazunguka mara 84 ndio tairi inazunguka mara moja. Pigeni hesabu wenyewe, injini ikiwa sailensa tu, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, na tairi la inchi 33, gari inatembea kama mita 25 kwa dakika nzima. Hiyo ni kilomita moja na nusu kwa saa! Mama aliyebeba ndoo kichwani anaipita na bado anapata muda wa kusimama kusalimia watu njiani. Sasa mtu alipie hela yote ile ili aende taratibu hivyo? Ndio, analipia taratibu, maana gari ya kawaida ukiipeleka polepole kwenye jiwe inazima, ukiongeza mafuta ili isizime inaruka, ikiruka inatua na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na hapo ndio mnaniletea kwa kamba.

Ngoja niwaeleze kinachotokea pale juu maana wengi wanaocheka hawajakaa ndani. Nilishapanda na mteja wangu njia ya Morningside, Morogoro, kuna sehemu maji ya mvua yamekula barabara yakabaki mawe matupu kama ngazi zilizokosewa. Kabla ya kuanza unatoa upepo kwenye matairi, kutoka 35 unashuka mpaka 18 hivi, tairi linalegea linalikumbatia jiwe badala ya kulidunda. Kisha unapanda. Tairi la mbele kushoto linapanda jiwe, la nyuma kushoto linabaki hewani, unaliona kabisa kwenye kioo linaning'inia. Sasa difu ya kawaida ina tabia moja mbaya, mzunguko wote inaupeleka kwa yule asiye na mzigo, kwahiyo tairi lililo hewani linazunguka bure kama feni na mwenzake aliyekanyaga jiwe amekaa kimya hafanyi kazi. Gari haiendi. Hapo unabonyeza swichi ya loki, unasikia ta! chini ya sakafu, matairi mawili yanakuwa kitu kimoja, na gari nzima, karibu tani mbili, inajivuta juu bila kelele, bila vumbi, taratibu mpaka unasikia vipande vya kokoto vikisagika chini ya raba. Yule mteja wangu ni mtu mzima, ana kampuni, ana wajukuu, alipotoka pale juu mikono inamtetemeka na anacheka peke yake. Mimi sikumuuliza kitu.

Halafu kuna suala la utingo. Huu mchezo huwezi kucheza peke yako, maana dereva akiwa kwenye mwinuko anaona boneti na mbingu basi, hajui tairi limekanyaga wapi. Lazima ashuke mtu mmoja asimame mbele aonyeshe kwa mikono, njoo, njoo, kata kulia, zidi, zidi, simama hapo hapo. Na dereva lazima amtii, hata kama ni mkurugenzi na anayeelekeza ni kijana wa gereji mwenye ndala. Nimeona mabosi wanaojua kufoka kila siku wakisema "sawa kaka" kwa kijana kama huyo. Hapa mjini sijui ni wapi pengine utaliona hilo.

Wenzetu Marekani wana historia ndefu na hili jambo. Hilo jina Rubicon lenyewe limetoka kwenye njia ya mawe huko California, milima ya Sierra Nevada, njia ya kilomita 35 hivi, na watu wanalala njiani kabisa, sio kwamba gari zimeharibika, ndio mwendo wenyewe. Jeep wakaanza kuuza gari yenye jina hilo kwenye modeli za 2003, ikitoka kiwandani tayari na loki mbele na nyuma. Kule Moab, jimbo la Utah, wanakusanyika kila Pasaka tangu 1967. Kwahiyo sio fasheni ya vijana wa simu.

Sasa kwenye bei hapo siwezi kuwadanganya. Hiyo Rubicon mpya kwao Marekani ni zaidi ya dola 40,000, ikifika bandarini ya injini 3.6 inakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwasababu imezidi cc 2000, kisha VAT asilimia 18 inapigwa juu ya vyote hivyo, na vingine vidogo vidogo. Roho lazima iume ukisikia chuma kinakwaruza jiwe. Na mimi nasema bila kumumunya kwamba kama lengo lako ni kufika tu, Land Cruiser mkonga, zile zenye bomba la hewa ubavuni, za series 70 zilizoanza 1984, yenye loki mbele na nyuma inakutosha kabisa na spea zake unapata mpaka vijijini. Milimani huko kuna madereva wa mkonga wanashusha ndizi kila siku kwenye njia ambazo mwenye Rubicon akiziona anaomba maji ya kunywa, na loki hawana, wana mguu na sikio tu. Nawaheshimu kuliko wote. Ila wao wanafanya kazi. Huyu mwingine analipia springi laini, anabonyeza swichi stabilaiza ya mbele, chuma kinachozuia gari isilale kwenye kona, inajiachia ili ekseli ipinde inavyotaka, analipia utamu. Mbona anayenunua boti ya kuvulia samaki asiowauza hatumcheki?

Wa kucheka mimi nawajua, maana nawaona kwa chini. Gari ikipanda kwenye jeki haina siri. Ile inayopanda mawe ina mikwaruzo kwenye bamba la kukinga sampo, vyuma vya chini ya milango vimebonyea, difu ina kovu tumboni, lakini oili yake ni safi kwasababu mwenyewe anajua anachokidai kwa hiyo mashine. Halafu linakuja shangingi, matairi ya matope makubwa, mkonga umefika juu ya paa, wenchi mbele yenye kamba ambayo haijawahi kufunguliwa, taa nane, na kwa chini iko safi kama imetoka kiwandani jana. Tatizo? "Fundi, kuna taa ya difu loki inawaka-waka." Nafungua, mota ya loki imegandia kwa kutu. Haijaharibiwa na kazi, imeharibiwa na kukaa! Loki ni kitu cha kubonyezwa mara kwa mara, isipobonyezwa unyevu na chumvi ya hewa ya hapa Dar vinaimaliza. Mtu amelipa mamilioni kwa mtambo wa kupanda mlima akautumia kwenye foleni ya Mwenge na kupanda ukingo wa barabara pale Masaki akitafuta parking. Huyo hakuna anayemwita chizi.

Kwahiyo Ndugu Mhariri, ombi langu kupitia gazeti lako ni hili. Dar ni mchanga, tope na lami, mawe ya kupanda hatuna, ndio maana wenye hamu wanakimbilia Morogoro na wale wasio na subira wanaenda kuchimbua fukwe kule Kigamboni na kuwakera watu waliokuja kuogelea na watoto wao, hilo silitetei hata kidogo. Lakini huku kwetu, kuanzia Kunduchi Mtongani mpaka Boko, kuna mashimo ya kokoto. Yale ambayo bado watu wanagonga kokoto yaachwe kama yalivyo, ile ni riziki yao. Yaliyokwisha mawe ya kuuza, yamebaki kuta na vifusi na madimbwi ya mbu, Manispaa ya Kinondoni wachague moja tu. Wazungushie uzio watoto wasiingie, kila gari ikaguliwe kwanza isiwe inavuja oili, mwenye gari alipe kiingilio, na vijana wa pale pale Mtongani wawe ndio utingo kwa malipo, maana yale mawe wanayajua kuliko sisi wote. Wakitaka mtu wa kukagua hizo difu getini, mimi Jumapili nafunga gereji saa sita.

Fundi wa difu,
Tegeta, Dar es Salaam