Anayesoma usiku hanunui diploma

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika kwamba anayesoma masta kwa intaneti "ananunua diploma akiwa kitandani" angefika kwetu Katuba usiku wa Jumanne. Darasa langu huko Marekani linaanza saa moja jioni. Hapa ni saa saba usiku. Mwezi wa 11 wenzetu wanarudisha saa zao nyuma, sisi Lubumbashi hatugusi zetu, basi linakuwa saa nane. Umeme ukikatika nachaji simu kwenye betri ya gari ya yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa, na mega za intaneti zinakwisha kama sukari. Kitandani amelala mtoto wangu, si mimi.

Ninasomea uandishi wa maelekezo ya kiufundi. Watu wanacheka: "Kuandika 'bonyeza hapa' nako kuna masta?" Mimi natunza vitabu vya mashine katika karakana inayotengeneza pampu za migodi, kwa hiyo sicheki. Vitabu vinakuja kwa Kiingereza, Kifaransa, siku hizi Kichina pia. Mafundi wanaongea Kiswahili.

Muhula huu tulipewa kazi: tafsiri ukurasa, mpe fundi, nyamaza, tazama mikono yake. Niliandika: "Legeza bolti baada ya kutoa presha." Papa mmoja, mkongwe wa karakana, alianza kusoma kwa sauti. Alipotamka "bolti" spana ilikuwa imekwisha kuishika. Presha ilikuwa bado mbali, mwishoni mwa sentensi. Heri pampu ile ilikuwa kavu, imewekwa chini tu kwa ajili ya zoezi. Kosa ni langu, si la Papa. Sasa inasomeka: "Toa presha. Halafu legeza bolti."

Kuna kanuni za Kiingereza chepesi, zilizoanzia kwa watu wa ndege, zinazosema sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20. Nilimwambia mwalimu kwamba kwetu hesabu hiyo haifai: "usipokifunga" ni neno moja, na ndani yake wamo wewe, kile kifuniko na onyo lenyewe. Alitaka nimfafanulie kipande kwa kipande. Tulikula nusu saa ya darasa.

Lakini linaloniumiza kichwa ni mabango. Mabango kwenye mashine za Marekani yana ngazi tatu za kuonya: ya kwanza, ukikosea utakufa au utaumia vibaya, ya pili, unaweza kufa au kuumia vibaya, ya tatu, unaweza kuumia kidogo. Kiingereza kina neno kwa kila ngazi, Kifaransa vilevile. Katika karakana yetu zote tatu zimeandikwa HATARI. Waya wa umeme mkubwa, HATARI. Sakafu yenye mafuta, HATARI. Hata ngazi ya kupandia kwenye ofisi ya shefu! Papa yule aliniambia, "Mwanangu, kila kitu hapa ni hatari, basi nilishaacha kusoma."

Nimepanga hivi: HATARI ibaki kwa kinachoua bila shaka, ONYO kwa kinachoweza kuua. La tatu limenishinda. Kwenye vitabu wanapenda TAHADHARI, lakini vijana wa karakana wanaiona kama neno la redioni, wao wanapigiana kelele "Chunga!" Mwalimu hawezi kunisaidia hapo, na kazi inatakiwa mwisho wa mwezi. Wasomaji mnaofanya kazi Likasi na Kolwezi, kwenu mnaandika nini kwenye sakafu yenye mafuta?

Mama wa karakana,
Katuba, Lubumbashi