Risala ya kikundi cha huduma ya kwanza hapa mwaloni kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa kijiji, mtendaji wa kata, viongozi wa BMU yaani kikundi cha kusimamia mwalo na uvuvi, mganga wa zahanati, wazee wetu, kina mama wa dagaa, vijana wa bodaboda, na nyie wavuvi mliotoka ziwani alfajiri mkalala masaa mawili tu ili muwahi hapa, wakubwa shikamooni, wengine wote habari za saa hizi.

Mheshimiwa karibu sana mwaloni kwetu. Tunajua ratiba yako ni ndefu na barabara ya kuja huku umeiona mwenyewe, kwa hiyo kwenye historia tutapita haraka haraka.

Kikundi kilianza 2021 tukiwa watu 9. Kilichotuanzisha ni mtoto wa darasa la pili aliyezama hapo nyuma ya vibanda vya kuanikia dagaa. Alitolewa mapema tu na watu walikuwa wamejaa, ila hakuna hata mmoja aliyejua cha kufanya, mmoja kamning'iniza kichwa chini, mwingine kamlaza tumbo juu ya pipa anambingirisha eti maji yatoke, mwingine yuko mbio anatafuta bodaboda. Wa kumpulizia pumzi hakuwepo. Tulimzika kesho yake. Basi tukasema hapana, tukamtafuta mkufunzi, tukachanga hela zake, akaja siku 3. Leo tuko wanachama 34.

Na mheshimiwa mtu asije akaona haya ni mambo ya mjini. Huku ziwani anayefika wa kwanza ni sisi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoangukia ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walikuwa wa kwanza kufika, na mitumbwi yao hii hii. Watu 24 walitoka hai.

Mafanikio yetu ni makubwa mno na tunaamini ukizunguka ziwa hili lote utatafuta sana mwalo wa kutufikia. Mama lishe wetu wote, yani wote, akimwagikiwa na mafuta ya moto hagusi tena dawa ya meno wala unga wala yai, ni maji safi ya baridi yanatiririka dakika 20. Mtu akitoka damu puani hatumwinamishi kichwa nyuma, anainama mbele anabana pua dakika 10. Wa degedege au kifafa hatumtii tena kijiko mdomoni wala hatumkandamizi, tunaondoa vitu vya kumuumiza, tunamwekea kitu laini chini ya kichwa, ikikata tunamlaza ubavu. Vijana wa bodaboda wanajua dereva akianguka usiwe na haraka ya kumvuta helmeti wala kumnyanyua huyu kashika miguu, yule mikono, na damu inayoruka inabanwa kwa kitambaa, mkono usitoke. Na kuna mtoto alipaliwa na kipande cha muhogo pale kwenye vibanda, midomo ishaanza kubadilika rangi, mwanachama wetu akamwinamisha akampiga makofi katikati ya mabega, la nne kipande kikaruka. Huyo mtoto yuko hapa mbele, yule mwenye shati la kijani. Simama mwanangu mheshimiwa akuone.

Changamoto ni nyingi, boksi la huduma ya kwanza tunalo moja na bandeji zimeisha, maboya ya kuokolea ni mawili kwa mitumbwi yote hii. Hayo tumeyaandika kwenye barua utakayopewa, hatutayasoma.

Lililotufanya tukuite ni moja. Midoli ya umbo la mtu, ya kufanyia mazoezi ya kusukuma kifua na kupuliza pumzi.

Mheshimiwa tunaomba utuvumilie hapa maana huko nyuma tulivyotaja neno mdoli kuna watu walicheka. Mtu ambaye moyo umesimama anasukumwa kifua, kwa mtu mzima kinatakiwa kishuke sentimita 5 mpaka 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukisukuma mara 30 unampa pumzi 2 unarudi tena. Sasa hiyo huwezi kujifunzia kwa mtu mzima wa afya ambaye moyo wake unadunda, utamuumiza, mbavu zinaweza kuvunjika. Kwa hiyo sisi mazoezi tunafanyia gunia la pumba. Gunia halikwambii umebonyeza kidogo au umezidisha, halinyanyuki likarudi kama kifua, na ukilipulizia hamna kitu. Mdoli ukiinua kidevu vizuri ukapuliza, kifua kinapanda unakiona kwa macho, ukikosea hakipandi, unajirekebisha hapo hapo. Na kwetu sisi pumzi ndo kila kitu, maana aliyezama kilichomuua ni kukosa hewa, tulifundishwa kuanza na pumzi 5 ndo uende kwenye kifua. Halafu haya mambo yanasahaulika, kaa miezi michache bila kuyarudia uone mkono unavyopotea.

Mkufunzi wetu alitusimulia kwamba aliyetengeneza mdoli wa hivi miaka ya 1960 huko Norwei, Asmund Laerdal, alikuwa anatengeneza midoli ya kuchezea watoto, na mwanaye mdogo aliwahi kuponea chupuchupu kufa maji akamwokoa yeye mwenyewe. Sisi hiyo stori haikutupita, maana ni maji haya haya.

Mwaka jana mwezi wa nne mtumbwi ulipinduka usiku, mwanachama wetu mmoja akamtoa mwenzake majini. Alimpulizia, akasukuma kifua, akapokezana na mwingine, zaidi ya dakika 20 wako hapo mchangani wanamulikiwa na tochi za simu mpaka gari ikapatikana. Hakupona. Huyo kijana kila tukikutana anauliza swali lile lile, "nilikuwa nabonyeza inavyotakiwa?" Na hatuna cha kumjibu mheshimiwa, kwa sababu amejifunzia gunia.

Sasa tuseme na hili, kwa heshima zote. Mwaka 2022 mgeni rasmi wa siku hiyo alisimama hapo hapo ulipokaa akasema midoli miwili itafika kabla mwezi haujaisha. Kina mama walipiga vigelegele. Sisi wakati ule tulikuwa tushaanza kuchanga wenyewe, elfu mbili mbili kila wiki, tuliposikia itakuja tukaacha, hela tukanunulia mabati ya hiki kibanda na fundi akatutengenezea kabati la kuiwekea. 2023 akaja mgeni mwingine, naye akasema hilo dogo mno, liko njiani. Tumeandika barua tatu, nakala zake zina mihuri ya kupokelewa, katibu anazo hapa. Kabati liko kona ile pale, ndani kuna daftari la mahudhurio. Hatusemi haya kukulaumu wewe, wewe ndo mara yako ya kwanza kufika na tumefurahi kweli kweli. Tunayasema ili uelewe kwa nini leo baadhi ya watu wamekaa kimya.

Ombi letu ni midoli mitatu, miwili ya mtu mzima na mmoja wa kichanga, kwa sababu mtoto mchanga anasukumwa kwa vidole na pumzi zake ni ndogo, ni somo lingine kabisa. Mitatu isipowezekana, mmoja. Hata uliokwisha tumika sehemu nyingine tunaupokea kwa mikono miwili. Na tunaomba usitujibu kwamba utalifanyia kazi. Tutajie tarehe, na utuachie mtu wa kumpigia simu. Kama haiwezekani mheshimiwa tuambie leo hii hii mbele ya watu wote, hatutakasirika hata kidogo, Jumamosi tunaanza upya kuchanga zile elfu mbili mbili, na safari hii hatutaacha katikati.

Chakula kipo, kina mama wamekuandalia sangara, tunaomba usiondoke kabla hujala.

Naomba kuwasilisha.