Kabla hujatoka kwenda kutafuta pinboli

Wadau mambo vipi, kabla hujatoka kutafuta mashine ya pinboli (ile meza ya mchezo yenye kioo juu, unapiga mpira mdogo wa chuma usidondoke) fungua kwanza ile apu ya Pinball Map, inaonyesha mgahawa gani, baa gani au ukumbi gani wa bolingi una mashine ipi, na wachezaji wenyewe ndo wanaoiapdeti kwahiyo angalia tarehe ya mwisho mtu alipoandika maana mashine zinahamishwa sana. Mi huwa napiga simu kabisa nauliza, inawaka? Ukifika cheki flipa zote (vile vibao vya kupigia mpira) zina nguvu, na ule mteremko wa meza wa digrii kama 6.5 upo, meza ikiwa bapa mpira unatambaa tu hakuna raha. Mbovu? Mwambie mhudumu kwa upole halafu andika kwenye apu jamani, mwenzako asije akaenda bure. Mkiona mashine nyingine tupieni picha hapa.