Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Upimaji wa Maji Bondeni

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawashukuru mliofika. Akidi imetimia kwa kuhesabu na barua za uwakilishi. Katiba inaruhusu, ila si jambo la kujivunia.

Shughuli za kawaida mnazijua: mvua imepimwa, visima vya uchunguzi vimeshushiwa utepe wa kupimia kina cha maji kila mwezi, wasomaji wapya wamefundishwa. Jalada liko kwa katibu.

Nije kwenye kuhamishwa kwa kituo cha kupimia mto, maana najua ndiko kulikowaleta wengi wenu. Inasemwa kwamba mwenyekiti aliamua peke yake na kwamba kumbukumbu za miaka mingi zimetupwa. Kamati ilikaa, muhtasari upo, na baadhi ya wanaopinga leo saini zao zimo.

Kituo cha zamani kilisimama kwenye mchanga. Mto wetu ni wa msimu: unashuka kwa kishindo, saa chache umekwisha. Kila gharika huchimba hapa na kujaza pale. Ubao wa kupimia kina ukisoma mita 1 kabla ya gharika na mita 1 baada yake, si lazima yawe maji yale yale, kwa sababu sakafu ya mto imehama. Jedwali letu la kugeuza kina kuwa mita za ujazo kwa sekunde halina maana sakafu isipotulia. Tulikuwa na daftari safi sana, la mto ambao haukuwepo. Kituo kipya kiko kwenye mwamba unaokatiza mkondo, na mwamba hauchimbiki. Wala hakuna kilichotupwa: mbao zote mbili zilisomwa pamoja msimu mzima ili kumbukumbu ziunganike, na tumechonga alama ya usawa kwenye mwamba, ubao ukisombwa urudishwe pale pale.

Wengine walitaka fedha ya kuhamisha kituo inunue kihisi, yaani kifaa kinachopima kina bila msomaji. Vihisi vya shinikizo vya bei nafuu vinapima uzito wa maji pamoja na wa hewa iliyo juu yake. Hewa ikibadilika kwa hektopaskali 1, kihisi kinaonyesha badiliko la takriban sentimita 1 ya maji ambalo halipo, hivyo kinahitaji mwenzake nchi kavu wa kupima hewa peke yake. Hapo mmeshanunua viwili. Halafu kihisi kinapima kina tu. Kupima kasi ya maji lazima mtu aende mtoni. Usiku wa gharika tulikwenda mimi na msomaji mmoja kurusha vielea, yaani vitu vinavyoelea vinavyotuonyesha kasi ya maji. Wasemaji wakubwa wa mkutano uliopita sikuwaona ukingoni. Na kwa kuwa swali linarudi kila mara: kasi ya kielea huzidishwa kwa 0.85 kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko wastani wa mkondo mzima. Asilimia 15 inayopungua haikuliwa na kamati.

Linalonisikitisha zaidi ni madaftari ya kiangazi. Kurasa nzima tupu, na ukiuliza unajibiwa: “Mto umekauka, nikasome nini?” Ndugu zangu, sifuri ni kipimo. Nafasi tupu haituambii kama mto ulikuwa mkavu au msomaji alikuwa amelala, na baadaye hakuna mwenye haki ya kuijaza kwa kukisia. Katika bonde kame siku za sifuri ndizo sehemu kubwa ya mwaka. Tukiziacha, tumebaki na hadithi za mafuriko. Tena juu pakikauka, chini ya mchanga maji bado yapo, na kushuka kwake kwenye bomba la uchunguzi lililozamishwa mchangani ndiyo habari tunayoihitaji wakati huo. Kutembea hadi pale ni jukumu, si hisani kwa mwenyekiti.

Fedha: zaidi ya nusu ya wanachama hawajalipa ada, wengine mwaka wa tatu huu. Kilichopatikana kimekwenda karibu chote kwenye saruji, mbao za vipimo na viatu vya mpira. Mweka hazina amenizuia kusoma majina. Nimemtii, ingawa sikubaliani naye.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata mita yetu wenyewe ya kasi ya maji, kuongeza mabomba ya uchunguzi kadiri hali itakavyoruhusu, na kuwavuta vijana. Mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi mtu wa mwisho atoke.

Naomba kuwasilisha.