Risala ya Umoja wa Waswahili wa Grand Rapids, Michigan, kwa Mgeni Rasmi, Sherehe ya Mwaka

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwakilishi wetu katika Bunge la Jimbo la Michigan. Mwenyekiti wa umoja. Wazee wetu, viongozi wa dini, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe, mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko, na zaidi kwa kufika, maana hayo mawili hayaendi pamoja kila mwaka.

Umoja wetu ulianzishwa na familia chache za Wakongomani waliopitia kambi za wakimbizi, kisha wakajiunga Watanzania, Wakenya na Warundi. Mengine yamo katika katiba, na nakala umekabidhiwa mlangoni.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tunao mfuko wa kuzikana usiotetereka, kwaya inayotikisa jiji zima, na mwaka huu vijana wetu waliendesha kampeni ya kihistoria ya mazingira: waliokota takataka ufukweni mwa Ziwa Michigan Jumamosi nzima, mpaka mvua ilipoanza.

Changamoto zipo, ukiwemo uhaba wa viti, kama wanavyoshuhudia waliosimama nyuma. Lakini kamati imeamua viti visubiri. Leo tuna ombi moja.

Mheshimiwa, maji uliyowekewa mezani ni ya bomba la jiji, na jiji hili huyavuta kutoka Ziwa Michigan. Kaskazini, kwenye mlango wa Mackinac ambako ziwa hilo linakutana na Ziwa Huron, kumelazwa mabomba mawili ya mafuta ya Line 5, mali ya kampuni ya Enbridge, tangu mwaka 1953. Kila siku yanapitisha hadi mapipa 540,000 ya mafuta ghafi na vimiminika vya gesi asilia, kutoka Wisconsin kwenda Sarnia, Kanada. Aprili 2018 nanga ya meli iliyabonyeza. Novemba 2020 Gavana Whitmer alifuta kibali cha kupita hapo na kutaka mafuta yakome Mei 2021. Kampuni ilikataa, Kanada ikashika mkataba wake na Marekani wa mwaka 1977 kuhusu mabomba yanayovuka mpaka, na mafuta yanapita hadi leo.

Sasa dawa tunayopewa na kampuni hiyo ni handaki la karibu maili nne chini ya sakafu ya ziwa, lenye bomba jipya ndani yake. Tunaambiwa ni salama zaidi. Wapo wanachama wetu mafundi ujenzi wanaosema handaki ni ajira, na hatuwabezi. Kodi ya nyumba hailipwi kwa maandamano. Lakini handaki huchimbwa kwa miaka, na miaka yote hiyo mafuta yatapita kwenye mabomba yaleyale ya zamani. Likikamilika, litatufunga na mafuta kwa miongo mingine. Mataifa ya Wenyeji wa Asili, Bay Mills wakiwa mbele, yanapinga kwa sababu mkataba wa mwaka 1836 uliwaachia haki ya kuvua katika maji hayo. Mwaka 2025 serikali kuu iliuharakisha ukaguzi wa mradi kwa jina la dharura ya nishati. Haraka hiyo hatujaiona kwenye ahadi tulizopewa sisi.

Wengi wetu tumekulia Uvira, Baraka na Kigoma, tukila ndagala na migebuka ya Tanganyika. Mtu wa ziwa haelezwi maana ya maji kuchafuka. Na hapa Michigan mfano upo: Julai 2010 bomba jingine la Enbridge lilipasuka karibu na Marshall. King'ora kililia, na bado ilichukua saa kumi na saba kugundua. Zaidi ya galoni 800,000 zilimwagika, na mto Kalamazoo ukafungwa kwa watu kwa muda mrefu. Huo ni mto, mheshimiwa. Ziwa halina kingo za karibu.

Ulipokuja kuomba kura, ulisimama hapohapo ulipoketi sasa ukasema utaandika barua rasmi ya kulipinga handaki na kutuletea nakala. Makofi yalipigwa, akina mama wakapiga vigelegele. Katibu alifungua faili la nakala hiyo. Faili lipo, lina kava zuri, na ndani halina kitu. Uliahidi pia kwamba vikao vya kusikiliza wananchi vitakuwa na mkalimani wa Kiswahili. Tulipokwenda, tulitafsiriana wenyewe kwa kunong'onezana hadi tukaombwa tunyamaze.

Tunajua una majukumu mengi, kwa hiyo tumekupunguzia kazi. Barua tumeiandika, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza fasaha. Inasema handaki lisijengwe na mabomba ya zamani yafungwe. Imewekwa meza kuu pamoja na kalamu, na mwanasheria wa umoja ameipitia. Ukiona neno la kubadilisha, badilisha. Mpishi amesema pilau haitapoa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na katibu msaidizi kwa niaba ya wanachama.