Mwanangu, na mimi nilikimbilia shuleni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi toka huku mlimani. Sisi wazima, ila mvua imezidi na njia ya chini imekatika tena, kwa hiyo mzigo huu nitaushusha kwa miguu hadi barabarani nimpe kondakta. Ndani kuna maharage, ndizi (mbivu uzile kwanza), na kadi ambayo nitakueleza mbele.

Juzi uliponipigia ulikuwa unalia kwa hasira. Ulisema mmefika ile shule na boksi la chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi mkakuta madawati ya wasichana matupu, wazazi wamewaficha, na getini kasimama mzee anauliza neno moja tu: "Nani kawatuma?" Ukasema, "Mama, watu wa huku wajinga, hawataki sayansi, hawataki maendeleo." Sikukujibu. Salio lilikuwa linakata, na nililotaka kukwambia si la kusemea njiani watu wakipita.

Mwaka 2008 ulikuwa darasa la pili. Tulikuwa tumeshuka tambarare kulima mpunga na marehemu baba yako. Siku hiyo nilikuwa kwenye cherehani, akapita kijana na baiskeli anapiga kelele kwamba watoto wanakufa shuleni, wamepewa sumu. Sikuuliza sumu gani. Niliacha gauni la mteja na pini zake nikakimbia peku. Njiani tulikuwa wengi. Tulipofika tukakuta watoto wamelala chini ya mwembe, wengine wanatapika, wengine wamejishika tumbo, na walimu wamejifungia ofisini. Wewe ulikuwa umekaa pembeni, ukaniambia, "Mama, dunia inazunguka." Nikakubeba mgongoni. Tulipokuwa tunatoka niliinama, nikaokota jiwe, nikalirusha kwenye dirisha la ofisi. Habari ya hilo jiwe sijawahi kukusimulia. Kioo kilivunjika.

Haikuwa shule yetu peke yake. Mwaka ule vurugu kama hizo zilitokea kwenye shule nyingine za Morogoro, hadi polisi wakaingia.

Zilikuwa dawa za kichocho na minyoo. Hayo nimeyajua vizuri baadaye, kwenye vitabu vyako vya chuo ulivyoviacha kabatini ukadhani vinaliwa na mchwa. Dawa ya kichocho si sumu, ila ukiimeza tumbo tupu inaweza kukuyumbisha kweli: kichefuchefu, kizunguzungu, tumbo kusokota, kisha inapita. Mtu anatakiwa awe amekula. Na wewe asubuhi ile ulitoka nyumbani na chai ya rangi peke yake. Hakuna aliyetwambia wazazi kwamba kesho mtoto anywe uji kwanza. Barua haikuja, mkutano haukuitwa. Tulichosikia kutoka kwenu ni kwamba mlisimamishwa kwenye mti wenye alama, mkapimwa kimo, mkapewa vidonge kwa urefu wenu. Leo wewe unaijua sababu yake, kwamba mizani ni shida na kimo kinakadiria uzito. Sisi nani angetwambia? Jirani yetu mmoja alisema anayepimwa kimo akiwa mzima ni yule anayechongewa jeneza, na neno hilo lilifika vijiji vya mbali kabla ya jua kuzama.

Sasa huyo mama aliyekimbia peku, ni mjinga? Nilikuona kwa macho yangu huwezi kusimama. Nilitumia nilichokiona. Nusu ya pili ya habari ilikuwa kwa watu wengine, nao hawakuiona sababu ya kunipa mimi.

Lakini sitaki kujitetea sana, maana kisa hiki kina mkia mbaya. Mdogo wako alipoanza shule nilimkataza kila kidonge. Siku ya dawa ikitangazwa, yeye anashinda nyumbani "anaumwa". Huku kila jioni anaogelea kwenye mfereji wa mpunga na wenzake. Mwaka 2011, nikiwa nafua, nikaona damu kwenye kaptula yake. Wazee wakanituliza, mtoto wa kiume ndivyo anavyokua, itaacha. Nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali. Miezi minne! Mdudu katoka kwa konokono wa majini, kampenya ngozi mtoto anaoga, na mimi nangojea akue. Alipopelekwa kupimwa alipewa vidonge vile vile, mwanangu, vya ile siku ya jiwe. Nikampikia ugali, akala, akameza, akaenda kucheza.

Kwa hiyo mimi najua kukataa kunatoka wapi, na najua anayelipa ni nani.

Bibi yako wewe unamkumbuka akiwa mtu wa kukaa kibarazani na ugoro wake. Mwaka 1955 alikuwa msichana wa kushika jembe. Waingereza walikuwa na mpango wao wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, na hofu yao haikuwa ya uongo, nisiwasingizie. Milima hii ndiyo inayoulisha mto Ruvu ambao Dar es Salaam inaunywa, na udongo ulikuwa unateremka nao kweli. Wataalamu wakasema yachimbwe matuta mapana kama ngazi, mlima mzima. Ikawa amri, na asiyechimba anatozwa faini. Bibi alikuwa akisema, "Tulifukua udongo mwekundu tukaufukia mweusi." Maana rutuba yetu huku ni ngozi tu juu ya mteremko. Ukikata tuta pana, unaupandisha juu udongo wa chini usioshika mbegu. Kina mama waliliona hilo msimu wa kwanza, na ardhi kwetu ni ya ukoo wa kina mama, lakini aliyekuja kuwauliza ni karani wa faini. Julai 1955 watu wakajaa Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe, na huku haikupata tabu ya kutafuta wanachama.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Hata tuta jembamba lenye faida, hata kukinga maji kwa majani, ukilitaja mbele ya wazee wa rika lile walikukatiza: "Umetumwa na nani?" Lile lile neno la mzee wako wa getini. Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huo unyasi anawarithisha hadi wajukuu.

Utaniambia hayo ni ya wakoloni. Haya, mkumbuke shangazi yako wa Muheza na hadithi zake za mumiani. Zamani watu waliliogopa hata gari la zimamoto, wakisema linakusanya damu za watu ziende kutengenezewa dawa. Tulikuwa tunamcheka. Siku moja akanieleza kwamba ujanani mwake wageni walipita nyumba kwa nyumba usiku wa manane, wana taa na vioo vidogo, wanawatoboa watu vidole. Usiku wa manane! Nilidhani anatia chumvi, mpaka nikakuta kwenye vitabu vyako kwamba minyoo ya matende na mabusha huingia kwenye damu ya pembeni usiku, mchana haionekani. Mpimaji alikuwa na haki ya kuja saa sita za usiku. Lakini mwite mtu yeyote mwenye akili timamu, umwambie wageni wanakuja gizani kuchukua damu, hawaelezi sababu, na asubuhi wameondoka nayo. Jina la hao wageni atalitafuta wapi kama si hilo la mumiani alilonalo?

Wala si kwamba hatupendi vitu vipya. Mwaka ule ule wa 2008 M-Pesa iliingia Tanzania. Sikumbuki mkutano wa kijiji wa kutushawishi, wala hakuna aliyesema namba ya siri inafunga kizazi. Mjomba wako alituma hela toka mjini, nikazipokea dukani kabla giza halijaingia, basi, nikaamini. Chanjo yako haina jioni ya namna hiyo. Unamchoma binti wa miaka kumi na mbili, na faida yake ni ugonjwa ambao hatauona akiwa na arobaini. Mtu atakuja kukushukuru kwa kitu ambacho hakikutokea? Kazi yako ni ngumu kuliko ya kampuni ya simu, mwanangu, na bajeti yenu naiona ilivyo.

Hata tiba hatuzikatai. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilikwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kunywa kikombe cha dawa yake cha shilingi 500. Mawaziri walikwenda. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa na kilometa, na wagonjwa wengine walifia humo humo. Kutoka kwetu alikwenda jirani yetu wa kisukari, akarudi ameacha dawa zake, na mwisho wake unaujua. Kile kikombe hakikuponya. Lakini nimejiuliza sana kwa nini mtu auze mbuzi asafiri siku tatu kukifuata, halafu aruke dirisha kukimbia kidonge cha bure kilichomfuata shuleni. Yule mzee alikuwa amekaa pale pale, anaonekana, anaongea nao, hamlazimishi mtu. Bure yenyewe inatisha, wewe umeisahau kwa sababu umeshazoea mshahara. Maskini akipewa kitu bure na mtu aliyekuja na gari, lazima atafute bei imefichwa wapi.

(Wapo pia wanaoujua ukweli na bado wanauza hofu. Yule wa kwenye kundi letu la WhatsApp anayetuma sauti za kutisha, watoto wake wote wamechanjwa. Huyo mwite jina unalotaka.)

Halafu kuna jambo ambalo nyinyi wataalamu sijui kama mmelisikia kwa masikio yetu. Ugonjwa wenyewe unaitwa saratani ya mlango wa kizazi. Tangazo likitoka kwenye spika ya gari, upepo unakula neno saratani, kinachofika shambani ni "chanjo", "wasichana" na "kizazi". Kisha mzazi anasikia wavulana hawahusiki, ni mabinti tu, na wadogo ambao hawajaolewa. Huo uvumi wa kufunga kizazi haukuhitaji adui kuutunga, mmeusambaza wenyewe kwa spika. Anzeni na ugonjwa. Msemeni mama yako mdogo. Mwambie mzee wa getini jinsi alivyokuwa anatoka damu nje ya siku zake mwaka mzima na kunyamaza kwa aibu, jinsi tulivyofika Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, tukaambiwa imeshasambaa, na ile harufu tuliyokuwa tunaifunika kwa udi wageni wakija. Mwambie kirusi chake hukaa kimya miaka mingi, na chanjo lazima itangulie kabla binti hajaanza mambo ya wanaume, ndiyo maana mnawataka wadogo. Mzazi akishajua hivyo, umri ule hautamtisha tena.

Kwenye kitabu chako kimoja nimesoma habari za Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia. Alikuwa mpishi hospitalini. Chanjo ya ndui aliikwepa kwa kuogopa maumivu, akaugua mwaka 1977, akapona, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeipata ndui kwa njia ya kawaida baada yake. Miaka ya baadaye akazunguka kuhimiza chanjo ya polio, na akikutana na mzazi anayekataa anamsimulia kisa chake mwenyewe. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Sasa ile kadi. Ni ya kliniki yako, imechanika kwenye mkunjo, nimeibandika kwa plasta. Itazame. Sindano ya kifua kikuu, matone ya polio, surua, uzito kila mwezi, hakuna tarehe niliyoruka hata moja. Ni mimi yule yule wa jiwe. Nesi wa kliniki ile alikuwa anamjua bibi yako kwa jina, ananigombeza nikichelewa, na mwanawe alichomwa sindano mbele yetu tukiwa kwenye benchi tunasubiri zamu. Hatukuwahi kumwuliza katumwa na nani.

Mtakaporudi kwenye ile shule nipigie siku mbili kabla. Nitakuja na mdogo wako. Amekubali kusimama mbele ya wazazi, ila kaniapisha nisitaje kaptula. Mwombe mwalimu mkuu sufuria kubwa, unga nitabeba mwenyewe, wasichana wanywe uji kabla hujawashika bega. Na yule mzee usimtafutie mwenyekiti wa kijiji amlazimishe. Mpe kiti, umwambie jina langu na ukoo wetu, mimi nitaongea naye.

Nikitoka huko nitapitia tambarare. Nimeulizia bei ya kioo kwa fundi, kanijibu hawezi kukata kwa kukisia, niende kwanza nikapime dirisha.

Ni mimi mama yako.