Mpira wa pampu ya kidimbwi chako

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili, na picha ya kidimbwi nimeitazama mara nyingi zaidi. Umechimba vizuri. Kingo zimelala sawa, na lile rundo la mawe utakaloteremshia maji limekaa mahali pake hasa. Mwishoni kabisa umeuliza, kama mtu aliyekumbuka wakati anaziba bahasha, iwapo mpira wowote wa maji utafaa kufungwa kwenye pampu. Nalijibu hilo kwanza, mengine yatafuata.

Hapana, si wowote.

Nilipojenga kidimbwi changu nilinunua pampu ya lita 3,000 kwa saa, nikaifunga mpira wa milimita 20 uliokuwa umebaki stoo. Maji yalifika juu ya mawe yakiwa hoi, yanachuruzika tu. Nikaamini pampu ni mbovu, nikanunua nyingine ya nguvu ileile. Hali ikawa ileile. Siku moja nikachukua ndoo ya lita 20, nikaikinga pale maji yanapotokea, nikashika saa. Ilijaa kwa sekunde 50, yaani lita 1,440 kwa saa. Nikaung'oa mpira ule wa mita nane, nikaweka wa milimita 32 wenye urefu uleule. Pampu sikuigusa. Ndoo ikajaa kwa sekunde 33, karibu lita 2,200. Nilisimama pale nikisikiliza maji yanavyoanguka, nikawaza samaki walivyokaa miezi yote hiyo na chujio linalopata maji nusu.

Kinachoyala maji ni msuguano. Maji yanajisugua kwenye ukuta wa mpira njia nzima, na njia ikiwa nyembamba yanalazimika kukimbia zaidi, hivyo yanasuguana zaidi. Kupunguza upana kidogo tu kunaongeza hasara kwa wingi usioutarajia. Chukua lita 3,000 kwa saa kwenye mita 10 za mpira laini. Mpira wa milimita 32 hauli hata nusu mita ya nguvu ya kupandisha maji. Wa 25 unakula mita moja na nusu hivi. Wa 20 unakula mita nne na ushei. Sasa angalia kwenye boksi la pampu yako, pale palipoandikwa kimo cha juu kabisa. Pampu nyingi za vidimbwi vidogo haziwezi kupandisha maji zaidi ya mita mbili au tatu. Ndiyo maana kwa mpira mwembamba lita hizo huzipati, hata ununue pampu ngapi.

Na hizo lita zilizoandikwa kwa herufi kubwa ni za pampu isiyopandisha maji popote. Kwenye kile kimo cha juu kabisa, maji yanayotoka ni sifuri. Wewe uko katikati. Kimo chako kipime kuanzia uso wa maji ya kidimbwi hadi mahali maji yanapotokea juu ya mawe. Usipime kuanzia pampu ilipokaa chini, kwa kuwa maji yaliyo juu yake yanaisaidia kusukuma. Watu wengi hukosea hapo, wakaishia kununua pampu kubwa kuliko wanayohitaji.

Kwa hiyo kwako wewe, pampu ya lita 4,000, mawe ya mita moja na kidogo, na mpira wa mita saba, chukua milimita 32. Usihofu kwamba mdomo wa pampu ni wa 25. Shingo nyembamba ya sentimita chache haidhuru kama mita saba nzima za wembamba. Ila muulize muuzaji milimita anazotaja ni za ndani au za nje, maana mpira wenye ukuta mnene unaonekana mpana kumbe tundu lake ni dogo.

Kile kiungio cha plastiki chenye ngazi, kilichokuja na pampu, kikate kwa msumeno. Ngazi inayolingana na mpira wako ibaki, zile nyembamba zilizo mbele yake ziondoke. Nimekuta watu wamenunua mpira mzuri kabisa, halafu maji yote yanapita kwenye kitundu cha ngazi ya mwisho.

Mpira wenyewe uwe mweusi. Ule unaopitisha mwanga huota mwani ndani, na mwani unaubana taratibu mpaka unarudi kulekule kwenye wembamba. Uwe na mifupa ya mzunguko ukutani ili usijikunje kwenye kona. Mpira wa kumwagilia bustani hujikunja, na kunjo moja inaharibu hesabu yote niliyokuandikia. Ukipata wenye mbavu nje na ulaini ndani, huo ndio wenyewe, kwani mbavu za ndani zinaongeza msuguano. Kona zipitishe kwa mviringo mpana, na mpira ukibaki, ukate. Usiuzungushe chini ya mawe.

Kama siku moja utahamia pampu ya kukaa nje ya maji, upande wa kunyonya utahitaji mpira mgumu zaidi, usiobonyea, na viungo visivyovuta hewa hata kidogo. Tutaongea wakati huo.

Kwenye viungo tumia klipu za chuma kisichoshika kutu. Epuka vifaa vya shaba, madini yake yanadhuru samaki. Mpira ukigoma kuingia, chovya ncha kwenye maji ya moto kwa dakika moja, utalainika. Na umeme uchomoe kabla hujatia mkono majini, kila mara, hata kama ni kwa kusogeza jani.

Jambo moja zaidi, nakuomba sana usilipuuze. Pampu iweke juu ya matofali, isikae sakafuni mwa kidimbwi. Mpira ukichomoka usiku, pampu itaendelea kumwaga maji nje hadi yashuke chini ya mdomo wake wa kunyonyea. Kilichobaki chini ya hapo ndicho samaki wako watakachokuwa nacho hadi asubuhi.

Ukishafunga, kinga ndoo na ushike saa, kisha uniandikie sekunde ulizopata. Ikizidi 30 kwa ndoo ya lita 20, usibadilishe pampu. Nipigie picha njia nzima ya mpira, kuanzia kwenye pampu hadi kwenye mawe, tuitazame pamoja.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.